Mguu wa Kuku Kwenye Lori ya Mzee Obiero

Niliuosha huo mguu wa kuku kwa sabuni. Haukutoka.

Nikausugua kwa mafuta ya taa. Haukutoka.

Nikachukua msasa, nikakwangua kama mtu mwenye hasira. Ndiyo kwanza ukang'aa.

Wacha nieleze, msije mkadhani nilikuwa jikoni.

Hiyo alama ilikuwa kwenye boneti ya lori. Na lori yenyewe ilikuwa nyumba ya kuku kwa miaka kumi na minane, kwa hivyo kuona mguu wa kuku pale si ajabu. Kuku wanakanyaga popote.

Shida ilikuwa ukubwa wake. Kuku wa kuacha mguu kama huo angekuwa anachungulia ndani ya nyumba kupitia paa.

Halafu ulikuwa chini ya rangi. Si juu. Chini.

Naitwa Nelima. Mwaka 1989 nilikuwa na karakana ya jua kali, ya wazi kando ya barabara, hapa Kisumu. Mimi ni mtu wa Bungoma, mji ukanipokea na spana zangu. Watu walikuwa wananiletea gari baada ya mafundi watatu kushindwa, halafu wanashangaa kukuta fundi wa nne amefunga leso kichwani.

Siku moja akaja mzee mrefu, kofia mkononi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Natafuta fundi," akasema.

"Umempata, Mzee."

Akaangalia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

"Sawa," akasema, akakaa juu ya tairi. "Mimi ni Obiero, wa hapa Otonglo. Nina lori inataka kufufuliwa. Nina wiki tano."

"Wiki tano kuna nini?"

"Harusi."

"Ya mtoto?"

"Yangu."

Nikatafuta pa kuweka uso.

Mzee alikuwa na miaka sabini. Alimuoa Mama Anyango kimila mwaka 1948, wakazaa, wakapata wajukuu, lakini hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Sasa Mama alikuwa amekubali wakafunge kule Maseno, kwa sharti moja tu. Aende na lori ile ile iliyomtoa kwa baba yake.

"Amesema kama si hiyo lori, haendi," Mzee akaniambia. "Amesema tutakufa hivi hivi kwa dhambi zetu, na yangu itakuwa kubwa kuliko yake."

Nikafunga karakana, nikaenda Otonglo.

Kuku walitoka wakilalamika. Mama Anyango aliwatoa mmoja mmoja kwa majina, mwanamke mfupi, mwenye macho ya mtu anayekuona mpaka mgongoni. Akaniangalia kutoka leso mpaka viatu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Wanaume wangepaka rangi juu ya uchafu. Wewe ukwangue mpaka chini."

Hilo neno nililichukua kama ushauri wa usafi tu.

Sasa, Mzee Obiero alikuwa na hadithi yake, na Otonglo nzima waliijua. Kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza upande ule kununua lori mpya. Si kuukuu. Mpya, kutoka dukani Nairobi, mwaka 1948. Kila nikifika alikuwa ananisimulia upya. Mara muuzaji alimpigia saluti. Mara walimpa soda. Wiki ya pili soda zikawa mbili na muuzaji akawa amelia.

Mimi nasikiliza huku nakwangua.

Rangi ya juu ilikuwa nyekundu. Chini yake bluu. Chini ya bluu, bluu nyingine, iliyopakwa kwa brashi na mtu mwenye haraka, michirizi kila mahali. Na chini ya hiyo, kijani kizito kisichong'aa.

Nani anauza lori mpya ya rangi ya matope?

Nikaanza kuangalia vizuri. Kioo cha mbele kilikuwa kimeinama kinyume: juu kimetokeza mbele, chini kimerudi ndani. Lori zote za miwa nilizotengeneza Muhoroni, hakuna hata moja iliyokuwa na kioo kama hicho.

Juu ya kiti cha abiria, paani, kulikuwa na tundu la duara, limefunikwa na bati.

"Mzee, hili tundu?"

"La hewa," akajibu upesi.

Kwenye magurudumu, rimu ilikuwa vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati nyingi, na nati zenyewe zilikuwa na mabaki ya rangi nyekundu. Na pale kwenye boneti, mguu wangu wa kuku. Pembeni yake herufi L, kisha nambari ndefu nyeupe.

Nikamtuma mtu amwite Salim.

Salim alikuwa anauza vipuri vya zamani mjini, na baba yake, marehemu Mzee Saleh, alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita vya Hitler. Salim alilelewa kwa habari za lori kama wengine walivyolelewa kwa uji.

Alifika, akasimama mbele ya boneti, akapitisha kidole juu ya alama.

"Nelima, unajua hii ni nini?"

"Mguu wa kuku."

"Ni mshale. Alama ya mali ya jeshi la Mwingereza. Hiyo L ni ya lori. Kioo kimeinama hivyo ili kisirudishe mwanga wa jua, ndege ya adui isikione kutoka juu. Na hilo tundu, askari alikuwa anasimama hapo kuangalia hizo ndege."

"Mzee amesema ni la hewa."

"Hewa iliingia pia," Salim akasema. "Na hizo nati nyekundu usiziguse tairi ikiwa na upepo. Rimu itaruka ikukate kichwa. Ndiyo maana walizipaka nyekundu."

Nilikuwa nimeshaweka spana kwenye moja jana yake. Nikakaa chini kidogo.

Tukatafuta kibati cha kiwanda kwenye dashibodi. Kilikuwa kimepakwa rangi mpaka kimekuwa kama pipi. Nikakisafisha na brashi ya waya, polepole, herufi zikajitokeza moja moja. Chevrolet. Imetengenezwa Kanada. Mwaka 1942.

Tukaangaliana.

"Lori mpya ya 1948," Salim akasema, "imezeeka kabla ya kuzaliwa."

Tulicheka mpaka Mzee akatoka ndani. Akaona kibati kinang'aa. Akaona mshale. Uso wake ukabadilika, na mimi kicheko kikaniisha hapo hapo.

"Min Awuor," akamwita mkewe, yaani Mama Awuor, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "tuletee chai tafadhali."

Mama alipoingia jikoni, Mzee akainama kwetu kama mwizi.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "hiyo kitu uifunike."

"Mzee, hii lori ilikuwa vitani."

"Najua ilikuwa vitani. Niliinunua mnada wa jeshi, upande wa Gilgil. Lakini baba yake Anyango alikuwa amesema, binti yake hatapanda kitu chochote kilichotoka vitani. Kimebeba maiti. Kitaleta mikosi nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshaimaliza pesa yote. Ningefanya nini? Nikapaka bluu, nikasema ni mpya."

"Na Mama hajui?"

"Miaka arobaini na moja hajui. Akijua sasa nilimpandisha gari la maiti kwa uongo, unafikiri atasimama na mimi mbele ya padri?"

Nilitaka kucheka tena, lakini yule mzee alikuwa habandui macho kwenye mlango wa jikoni.

Nikachukua gunia, nikafunika boneti. Mama akaja na chai. Akaangalia gunia, akaangalia mumewe, akamimina chai.

Wiki mbili nilifanya kazi kama mchawi. Injini ilikuwa imeketi ndani ya kabini, katikati ya dereva na abiria, na humo nilitoa viota vitatu na yai moja zima. Salim alipata kabureta kwa jamaa mmoja Muhoroni, kwenye lori nyingine ya aina hii hii iliyokatwa kuwa trela ya miwa. Klachi tuliunga. Breki nilizipanga upya mara nne.

Siku ilipowaka, ilikohoa, ikatoa moshi mweusi na manyoya. Manyoya, kabisa. Halafu ikatulia, ikanguruma taratibu, mlio mzuri hata jirani wakaacha majembe.

Mzee alisimama pale na kofia kifuani. Mama alikuwa mlangoni, anajifuta macho na kona ya leso.

Nikadhani tumemaliza.

Ilikuwa Jumanne, harusi Jumamosi. Tukaipeleka kwenye ukaguzi ili iruhusiwe barabarani. Afisa alikuwa kijana mpole, anafuata kazi yake. Akafungua kitabu cha gari. Akasoma kibati. Akasoma nambari kwenye chasisi. Akarudi kwenye kitabu.

"Mzee, kitabu kinasema gari ni la 1948 na nambari ni nyingine kabisa. Mimi nawezaje kujua hii ni yako?"

"Kila mtu Otonglo anajua ni yangu."

"Naamini. Lakini niletee karatasi. Iliuzwa na nani, lini, ikiwa na nambari gani. Nikiona hivyo, natia sahihi leo leo."

Tukarudi Otonglo.

"Mzee, karatasi ya mnada iko wapi?" nikauliza.

"Ilipotea. Siku ile ile nilipokwenda kwa wakwe. Kitabu nikakiandikisha bila hiyo, kwa nambari ya kukisia. Karatasi nimeitafuta miaka yote, nikiogopa Anyango ataiokota."

Salim akajikuna shingo. "Kuna jamaa namjua, anagonga nambari mpya juu ya chasisi. Saa moja tu, imelingana na kitabu."

Mzee alikuwa anafikiria, niliona. Na mimi nakiri, nilifikiria pia. Wiki nne za maisha yangu zilikuwa kwenye ile lori.

Nikapeleka mkono chini ya bodi, nikapapasa pale nambari ilipochongwa. Mtu fulani Kanada aliigonga hiyo nambari mwaka 1942, na nilikuwa nimeifukua kwa kucha zangu chini ya rangi nne. Nikajua siwezi.

"Hapana," nikasema. "Nikifuta hiyo, sijatengeneza lori ya Mama. Nimetengeneza nyingine. Mzee, mwambie ukweli. Kama ni kwenda kwa miguu kanisani, mtaenda mkijuana."

"Atakataa."

"Basi akatae akiwa anajua."

Mzee akakaa kwenye ubao wa kupandia lori. Kisha akasimama, akavua kofia, akaenda pale mkewe alipokuwa anapepeta mtama. Sisi tukajifanya tunaangalia tairi.

"Min Awuor. Lori haikuwa mpya."

Ungo ukaendelea kupepeta.

"Ilitoka vitani. Nilikudanganya, nikamdanganya baba yako. Hakukuwa na duka. Hakukuwa na saluti."

"Na soda?"

"Hakukuwa na soda."

Mama akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Nilimwona Mzee akifumba macho.

Akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai. Akampa.

Mzee akaifungua. Mnada wa magari ya jeshi. Jina lake. Nambari ya chasisi. Muhuri.

"Uliitoa wapi?" akauliza.

"Kwenye koti lako."

"Lini?"

"Siku ile uliyokuja kwetu. Baba alikuwa amemwambia mjomba, huyu kijana akimaliza kula, nitamwomba risiti ya hiyo lori yake mpya. Mimi nilikuwa nawanawisha mikono. Koti lako lilikuwa kwenye kiti. Nikapekua mfuko, nikaona hii."

"Ukaichukua?"

"Ningekuacha uulizwe ukiwa na hii mfukoni?"

Nikakumbuka Mzee alishasimulia jinsi mkwe alivyomwomba risiti, akajipapasa mifuko yote, akakosa, wazee wakacheka wakasema kijana amechanganyikiwa na mapenzi. Yeye alidhani ni bahati.

"Kwa hivyo ulijua," Mzee akasema. "Kabla hujapanda."

"Nilipanda nikijua."

"Na hukuogopa maiti?"

"Niliogopa kubaki kwa baba."

Salim akageuka, akajifanya anakohoa.

"Miaka arobaini na moja, Anyango. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Kila mwaka unaongeza." Kisha akaacha utani, akamshika mkono. "Lakini kanisani tunaenda kuapa. Nilitaka uniambie kwa mdomo wako kabla hatujafika. Nikafikiria, nikitaka twende na lori, itabidi ikwanguliwe. Ikikwanguliwa, itasema. Ikisema, na wewe utasema."

Mimi nikabaki na spana mkononi. Wiki nne nilijiona fundi mjanja ninayefukua siri. Kumbe mwenye kazi alikuwa anapepeta mtama.

Jumatano afisa alisoma ile karatasi mara mbili, akatia sahihi, akaomba akae kwenye usukani kidogo.

Mama alikataa bluu, akakataa nyekundu. Akasema lori ipakwe kijani chake cha jeshi. Jumamosi tukatoka Otonglo asubuhi, Salim anaendesha, mimi nyuma na wajukuu na kwaya, watu wanatoka kando ya barabara kuangalia. Pale mlimani kabla ya Maseno ilipanda kwa gia ya kwanza, inalia, na haikuzima.

Padri alipouliza kama kuna mwenye kizuizi, Mzee alimwangalia mkewe. Mkewe akatikisa kichwa, hakuna. Wakaapa.

Nimefungua gari nyingi tangu siku hiyo, nimefunga na ndoa yangu mwenyewe. Ninachowaambia ni hiki. Kama kuna jambo unamficha mtu anayelala kando yako, ukidhani likitoka atakukimbia, mwambie. Huenda alishalijua kitambo, akalibeba kwa ajili yako, na amechoka kulibeba peke yake.