Nikolao na Mdomo wa Injini

Wapo mafundi wa kelele, na wapo mafundi kweli. Nikolao wa Lulindi alikuwa fundi kweli. Namsifu bila haya, maana nilikuwapo siku ile Kitangari, kiangazi cha mwaka 1956, vumbi likizamisha kifundo cha mguu.

Alikuwa anampeleka Paulina, mkunga wa misheni, kwa pikipiki. Maili nane mbele, Stamili alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Walipofika nyumbani kwa Bimdogo, mjane jirani yangu, pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Chujio la hewa limejaa," Nikolao akasema. "Injini haipumui."

"Basi litoe ulitupe, twende!" Paulina akafoka.

"Kwa vumbi hili, dada? Mchanga utaisaga injini, tukwame porini. Stamili atakusubiri mpaka lini?"

Akaisukuma hadi uani. Kwanza akapangusa kopo la chujio nje kote, kabla hata ya kulegeza skrubu. Akalifungua, na papo hapo akaziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi. Chujio akalisuuza kwa petroli taratibu, huku Paulina akitafuna ncha ya kanga yake. Mimi mwenyewe nilitamani kumzaba Nikolao kofi. Akalipaka oili, akalikung'uta, kisha akaondoa kitambaa ili alirudishe.

Hapo ndipo Bimdogo alipotoka na ufagio. Kwetu mgeni hawekwi penye takataka, naye aliona haya wageni wa misheni kukuta ua wake una majani. Akafagia kwa nguvu zote za heshima. Vumbi likapaa.

Nikolao akajitupa juu ya injini, akaifunika kwa kifua.

"Mama, weka ufagio chini! Nakuomba!"

"Nakufagilia, unanipigia kelele?"

"Nisamehe, mama. Shikamoo. Punje moja ikiingia humu, binti wa watu atakufa."

Bimdogo akauweka ufagio chini. Lakini ua ulishatifuliwa, na upepo ukazidi kulitimua lile vumbi. Akaitazama ndoo yake mlangoni. Maji yake alikuwa ameyateka bondeni, akashuka alfajiri na kupanda jua likiwa kali, na sisi wa huku juu tunajua uzito wa maji hayo. Akaiinua, akanyunyizia ardhi kuizunguka pikipiki, mpaka ndoo ikabaki tupu.

Vumbi likatulia. Nikolao akainuka, shati limegeuka jekundu kwa vumbi, akachungulia mdomo wa injini, akaupangusa kingo, akafunga chujio. Pikipiki ikanguruma kwa kiki ya kwanza. Paulina alifika, akamgeuza mtoto, na Stamili akajifungua salama.

Kesho yake asubuhi Nikolao akarudi na habari hizo. Bimdogo akamkaribisha chai. Hakuketi. Akachukua ile ndoo, akaiweka begani, akashika njia ya bondeni. Wanawake waliokuwa wanapanda walimcheka mpaka wakakaribia kumwaga maji yao. Kwetu mwanaume hateki maji, hata mkewe awe mjamzito. Yeye aliwasalimu tu, akateremka.

Alirudi mchana, ameloa jasho, ndoo imejaa. Bimdogo aliipokea kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Nimeolewa mara mbili," akasema, "nimezaa watoto saba wa kiume. Leo ndiyo mara ya kwanza mwanaume kunitekea maji."