Runinga Iliyobaki na Rangi Nyekundu

Wiki iliyopita binamu yangu hapa Dar alinikalisha kwenye kiti chake cha gemu za magari, akanikabidhi usukani na kuniambia nishike vizuri, nisije nikapiga kelele. Mbele yangu kulikuwa na skrini pana kuliko dirisha la chumba changu. Matone ya mvua yalitambaa kwenye kioo cha gari, wiper zikayafuta, mawingu yakajitazama kwenye boneti. "Ona picha hiyo," akasema. "Hapo ni kama upo barabarani kweli."

Niliendesha. Viganja vyangu vilibaki vikavu. Nawe unanijua, mimi hutoka jasho viganjani hata nikisubiri chai ichemke, kwa hiyo jambo hilo likanisumbua siku nzima.

Maana gemu la magari liliwahi kunitisha. Ilikuwa Shangani, kwetu kusini, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya saluni, miaka ile barabara ya Dar bado ni udongo sehemu kubwa na wenye simu za mkononi wanahesabika. Mwenye kibanda alikuwa na runinga moja ya mgongo, iliyokuwa imepoteza rangi zote isipokuwa nyekundu. Anga nyekundu, miti myekundu, barabara nyekundu. Magari yenyewe yalikuwa na pembe kama miche ya sabuni, na spika ilikoroma kama mzee mwenye mafua. Anayeshinda anabaki, anayeshindwa anaachia pedi ya kuchezea. Nje mama muuza mihogo alikuwa akikaanga, nasi tulicheza mikono ikinuka mafuta.

Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka korosho Dar. Bibi, mama yake, alizaliwa Kitaya, kijiji cha kando ya mto, na kwao mtu akivuka kwa mtumbwi, vyombo vya nyumbani kwake havifudikizwi mpaka arudi. Alipohamia mjini hakuona kwa nini lori lisihesabiwe kama mtumbwi. Baba akiondoka, mimi mwosha vyombo nilipewa sharti: sufuria zote kichanjani zitazame juu. Mvua ikinyesha zilijaa maji, majani yakaelea humo, na hakuna aliyethubutu kuzigeuza. "Chombo hakiinami mwenyewe akiwa njiani," Bibi alikuwa akisema.

Mwaka ule mvua zilimkuta Baba njiani. Siku alizozoea kurudi zikapita. Halafu alasiri moja akaja utingo wa lori jingine, matope yamemkaukia masikioni, akasema kule mbele magari yamekwama msururu mzima. "Na moja limelala ubavu. Sikuona la nani." Bibi alimpa maji ya kunywa, kisha akaenda kutazama sufuria.

Nilishindwa kukaa nyumbani, nikaenda kibandani. Pedi ilipofika mikononi mwangu, ile barabara nyekundu ikawa matope matupu, na kigari kile cha mche wa sabuni kikawa lori la Baba. Hakuna aliyeniambia; nililipanga mwenyewe kichwani: kisipopinduka hiki, na lile halitapinduka. Utasema, basi si ningeacha kucheza? Nililiwaza hilo pia. Lakini kuachia usukani katikati ya njia niliona ndiyo mbaya zaidi.

Nikaendesha polepole, kila kona nakanyaga breki.

"We dada, umebeba maiti?" akaniuliza mtoto wa mwalimu, mpinzani wangu.

"Kabeba mayai huyo!" akadakia mwingine, kibanda kizima kikacheka.

Shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Kona ya mwisho mtoto wa mwalimu akanigonga ubavuni, gari langu likabiringika, likatulia matairi juu. Nikatupa pedi, nikakimbia.

Nilipofika uani, sufuria zote kichanjani zilikuwa zimefudikizwa.

Nikasimama palepale. Aliyefika, sufuria zake hugeuzwa. Lakini asiyetarajiwa tena je? Bibi hakuwahi kunifundisha sufuria zake zinafanywaje. Sikuweza kuingia ndani, na sikuweza kurudi nyuma.

Ndipo nikasikia mtu akikohoa sebuleni. Baba alikuwa ameketi sakafuni, suruali imekunjwa, miguu myekundu hadi magotini, anakula ugali. Lori lake lilikuwa limekwama tu.

"Mbona unahema hivyo, mama?" akaniuliza.

Baadaye nilimpeleka kibandani. Aliinama na mwili mzima kila kona, akashika mkia, watoto wakamzomea. Akarudisha pedi amenuna kidogo. "Gari lenu jepesi," akasema. "Nakanyaga breki, nasubiri mzigo unisukume mgongoni, mzigo haupo."

Siku hizi ni lami. Kibanda kimevunjwa, Bibi tumemzika Kitaya, na Baba ameacha udereva siku nyingi. Ile runinga sijui iliishia wapi. Bila shaka hata fundi aliikataa.

Nilikuwa nawaza hayo yote kwenye kiti cha binamu, nikakosea kona. Gari likapinduka. Vioo vilimwagika kimoja kimoja, kila kipande kinang'aa, kazi nzuri kweli. Binamu akacheka, akabonyeza tuanze upya. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu.

"Baba, uko wapi?"

"Nyumbani. Ningekuwa wapi tena? Kwani kuna nini?"

"Hamna kitu," nikasema, nikafuta viganja kwenye sketi.