Kiwanda cha Sista cha Kufungua Mabehewa

Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na minne, na mtaani hata watoto wa jirani walimwita Sista. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kabla daktari hajamshona mgonjwa, Sista alihesabu mikasi, koleo na vitambaa, na kimoja kikipungua hakuna aliyethubutu kushika uzi. Mabingwa waliozoea kufokea kila mtu hospitalini walifyata mkia mbele yake.

Mumewe alikuwa fundi wa taipureta katika ofisi ya serikali. Taipureta zilipotoweka, yeye hakutoweka. Walimsahau kwenye chumba cha chini pamoja na mashine arobaini, naye akawa anazifungua, anazisafisha na kuzifunga, miaka kumi na tatu, bila mtu hata mmoja kuja kuuliza imepona ipi. Siku ya kustaafu ofisa utumishi alimtafuta kwanza jengo la jirani.

Kustaafu kulimkaa vibaya mzee wa watu. Wiki ya kwanza alifungua kitasa cha mlango wa mbele, kitasa kizima kisicho na ugonjwa wowote. Wiki ya pili, pasi na saa ya ukutani. Wiki ya tatu Sista alirudi kutoka zamu akakuta friji imelazwa sakafuni, tumbo wazi, na nyama inayeyuka kwenye beseni.

"Ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa inanguruma."

"Friji zote zinanguruma, baba."

"Ndiyo nikawa natafuta kwa nini."

Friji haikumtisha Sista. Kilichomtisha ni namna mumewe alivyokaa baada ya kuifunga: mikono juu ya magoti, viganja vinatazama juu. Wodini aliwahi kuona wanaume wanaokaa hivyo, na hawakukaa sana duniani. Aliogopa kumpoteza. Hakumwambia mtu, maana ungeanzaje kumwambia mtu kwamba mumeo anaumwa kukosa skrubu?

Dawa aliipata dukani nyuma ya famasi, duka la treni za mfano, zile ndogo ambazo watu wazima hununua wakidai ni za wajukuu. Behewa la mizigo lilikuwa na urefu wa kiganja, na liliuzwa kwa namna mbili. Kulikuwa na lililo tayari, la wenye pesa na haraka. Halafu kulikuwa na seti: vipande sitini na viwili ndani ya boksi, uunganishe mwenyewe mpaka macho yakutoke. Seti ilikuwa bei ya chee. Mzee aliunganisha ya kwanza kwa siku nane, akapiga mluzi, na kitasa cha mlango kikapumzika. Ikawa kila mwezi seti moja, na kwenye rafu ya sebuleni treni ikaanza kurefuka.

Halafu bei ikapanda. Si ya behewa zima. Ya seti.

"Samahani kaka," Sista alimwambia mwenye duka, "umekosea kubandika. Lililo vipande vipande umeliweka ghali kuliko zima."

"Sijakosea, mama. Watu siku hizi hawana muda wa kuunganisha, kwa hiyo viwanda vimeacha kutengeneza seti. Zimekuwa adimu."

"Kwa hiyo kazi nafanya mimi, na bado nalipa zaidi?"

"Unalipia nafasi ya kuifanya wewe."

"Na nikishaliunganisha?"

"Hapo linashuka thamani, mama. Linakuwa behewa la kawaida tu."

Sista alimtazama kwa muda, kama anavyomtazama mwanafunzi wa udaktari aliyeshika kisu kinyume. Kisha akanunua behewa lililo tayari, akaomba boksi tupu la seti, akaenda nalo kazini.

Walilifungua saa ya chai, kwenye chumba cha kupumzikia manesi. Sista alitumia koleo chakavu zilizokwisha kuondolewa kazini, daktari wa usingizi akashika taa, na nesi wa zamu akaandika hesabu ubaoni. Ekseli mbili, magurudumu manne, springi nane, milango miwili. Vilitoka vyote sitini na viwili, wakapiga makofi. Mgonjwa wa saa nne aliyekuwa kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni alisikia mtu akisema "sasa tunamtoa magurudumu", akaomba arudishwe wodini akafikirie upya.

Mzee alilipokea boksi, akaliunganisha. Mwezi uliofuata, jingine. Mwezi wa tatu alitoa taipureta yake chini ya kitanda, akaandika barua, akampa Sista aifikishe dukani.

"Kwa Mkurugenzi wa Kiwanda. Yah: Kushuka kwa ubora wa seti. Natumaini u mzima. Tundu la skrubu namba nne limelegea, na kwenye paa kuna gundi kavu, kana kwamba behewa hili limewahi kuishi maisha mengine. Naomba maelezo."

Mkurugenzi wa Kiwanda alijibu siku ya pili kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Alieleza kwamba mfanyakazi aliyehusika ameonywa vikali. Akamshauri mteja afanye kazi penye mwanga, anyooshe mgongo kila baada ya saa moja, na asisahau kidonge cha presha.

"Kampuni makini hii," mzee alisema, akaikunja barua vizuri. "Inajali."

Barua zikaenda na kurudi. Mwezi wa sita kiwanda kilimteua mzee kuwa Mkaguzi wa Nje, cheo kisicho na mshahara, naye akanunua faili. Sista alikuwa akitoka upasuaji uliochukua saa sita, miguu imevimba, anaketi kuandika majibu ya kiwanda juu ya paja. Alijiona mwongo mkubwa, na alikuwa na furaha kuliko alivyokuwa kwa miaka.

Ndipo behewa zima nalo likapanda bei, mara mbili.

"Soko limechangamka, mama," mwenye duka alisema. "Kuna mtu anayanunua kila mwezi, hakosi."

"Nani huyo?"

"Si wewe?"

Mfuko wa nesi una mwisho. Sista alirudi nyumbani akaitazama rafu, mabehewa ishirini na mawili, na asubuhi yake akatoka na la mwisho kabisa mkobani. Alilifungua, akalitia kwenye boksi, akalileta kama jipya. Mzee aliliunganisha, akaliweka mbele. Sista akachukua la nyuma. Treni ikawa inajila mkia, haikui wala haipungui, na mkaguzi akaandika kwamba ubora umeimarika.

Mwezi uliofuata upasuaji uliahirishwa kwa sababu maji yalikatika, na Sista akarudi nyumbani saa sita mchana. Rafu ilikuwa tupu. Mzee alikuwa mezani, behewa limelala chali mbele yake, na mkononi ameshika zile koleo chakavu ambazo Sista aliziacha kabatini. Sista alijua mumewe ameanza tena, na kesho itakuwa friji.

"Funga mlango, springi zinaruka," mzee alisema.

"Unafanya nini, baba?"

"Kazi yako. Wewe unaumiza skrubu."

Sista alifunga mlango, akaketi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu boksi la kwanza. Kiwanda gani kinafunga magurudumu kwa bandeji?"

"Na zile barua zote?"

"Nilitaka kuona kama utajibu." Mzee aliweka skrubu kwenye kisosi. "Ofisini niliandika taarifa kila mwezi, miaka kumi na tatu. Hakuna aliyenijibu hata moja."

Hasira iliyokuwa imempanda Sista ikakosa pa kwenda. Alitaka kumfokea kwa kumwacha ahangaike vile, kwa miguu yake, kwa uongo alioubeba peke yake wakati haukuhitajika. Badala yake aliona maboksi sakafuni, yamepangwa ukutani, kila moja limefungwa kwa uzi.

"Na haya yote unamfungulia nani? Utayaunganisha tena?"

"Hayo si yangu," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Si unastaafu mwezi ujao? Hujalisema hata siku moja humu ndani, lakini usiku unahesabu vijiko. Nesi wa upasuaji akikaa bure nyumbani, wa kwanza kufunguliwa ni mimi."

Sista alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Alilia kwa sauti, kama hajawahi kulia mbele ya mtu, kwa ile hofu ya kustaafu aliyoificha hata kwa nafsi yake. Mzee hakumbembeleza. Alisogeza kiti chake kidogo kupisha cha Sista, akafuta sehemu ya meza kwa kiganja, akafungua boksi la kwanza na kumwekea mbele.

Sista alifuta macho, akauliza anaanzia wapi.

"Magurudumu," mzee akasema.