Siku Walioshuka Walipokuja Takaba

Harufu ya mafuta ya taa ikinipiga puani, hata leo nikiwa bibi wa watu hapa Garissa, moyo wangu huanza kwenda mbio. Si mafuta yenyewe. Ni ile helikopta iliyonuka hivyo hivyo iliposhuka kwetu Takaba, kiangazi kimoja cha miaka ya tisini.

Kabla sijaifikia, niwaeleze kwanza habari ya Abti, kaka wa mama yangu, maana ndiye aliyeniharibia usingizi. Alikuwa dalali wa ngamia, leo mnada wa Banissa, kesho wetu, na redio haikumtoka sikioni. Jioni moja akatuambia huenda kwenye nyota wako viumbe, wa Mungu vilevile, waliotuzidi akili kama sisi tunavyowazidi mbuzi. Akamaliza chai yake akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa mchunga mbuzi, nilijua tunavyowaangalia: unafungua mdomo, unatazama meno, unabonyeza mbavu, kisha unaamua. Mbuzi haulizwi. Na walikuwepo niliowapenda kabisa, tukawala.

Basi helikopta ilipotua nyuma ya kisima, mchanga ukaruka mpaka ngamia wakakata kamba, nikajua ni wale wa kwenye nyota. Akashuka mtu mrefu, miwani myeusi, uso mwekundu. Alipoivua ili apige chafya nilivunjika moyo kidogo: macho mawili tu, tena yanatoka machozi. Lakini sikutulia. Labda wamejigeuza.

Sasa, kwetu mnunuzi akija, mnyama dhaifu hufichwa. Ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa baba, aliposikia wageni wanapita nyumba kwa nyumba kuwatazama watoto, hakuuliza zaidi. Alimchukua mdogo wangu Nuria, ambaye kuhara kulimmaliza hata kulia hawezi, akamlaza ndani na kumfunika mikeka. Mimi nikapakwa samli usoni ning'ae kama aliyenona, nikasimamishwa mlangoni.

Mgeni akanifungua mdomo. Akanibonyeza mbavu. Akanizungushia utepe mkononi, akausoma. Nikajua nanunuliwa, maana Abti alikagua ngamia kwa mtindo huo huo. Kumbe alikuwa daktari wa watoto wenye njaa, lakini nani aliniambia? Mkalimani wake, kijana wa Kisomali, akasema mtoto huyu mzima, alhamdulillahi, na kama hakuna mwingine wao wanaondoka. Ayeeyo akajibu hakuna. Wakageuka kurudi kwenye helikopta.

Mama akawa kama mtu aliyekanyaga makaa. Anaingia, anatoka, anaingia. Ayeeyo akamshika nguo.

"Utamtoa huyo mbele ya watu? Watatuona sisi ni watu wa namna gani?"

"Wakicheka, mama, wanicheke mimi," Mama akamjibu mkwe wake.

Akambeba Nuria, akakimbia naye kwenye vumbi, shela ikimdondoka. Mapanga ya ile helikopta yalikwisha kuanza kuzunguka. Yule mtu mrefu akarudi mbio, akapiga magoti mchangani na suruali yake safi, akaweka sikio kifuani mwa mtoto. Hakucheka. Akawapandisha wote wawili, wakaruka, nami nikabaki nalia kwamba wameshachaguliwa. Walirudi kwa lori la mahindi, mvua zimeanza, na Nuria ana mashavu.

Ayeeyo simlaumu. Alilinda heshima yetu kwa njia aliyoijua, na mimi mwenyewe nilielewa nilipokuwa na watoto wangu. Nilikuwa nimeyaogopa macho ya walio juu, nikidhani yanaona kila kitu. Kumbe yule, na mashine yake yote iliyovuka jangwa, hakuweza kuona chini ya mkeka. Aliona tulichomwonyesha.

Kwa hiyo hao viumbe wa Abti wakishuka kweli, watuone watu au mbuzi, hilo namwachia Mungu. Linaloninyima usingizi mpaka leo ni sisi: siku hiyo tutamsimamisha nani mlangoni, na tutakuwa tumemfunika nani.