Kasereka wa Papa Wenceslas

Papa Wenceslas hajui kutulia. Asubuhi utamkuta sokoni Birere akiuliza bei ya nyuzi za muziki ambazo hatanunua. Saa sita karudi mtaani kwake Keshero, anazunguka kontrabasi yake, ile gitaa nene ipigwayo kwa kusimama, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Na kweli kuna alichopoteza. Jina lake Kasereka.

Hapo ndipo watu hujichanganya. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Wenceslas na mkewe Kanyere hawakujaliwa mtoto hata mmoja. Basi kila alipotunga kipande cha jazi, alikipa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Wenzake wa orkesta walimcheka sana. Kanyere hakucheka.

Volkano ya 2002 ikala nyumba pamoja na daftari la noti. Paluku, Kambale na Kakule, vidole viliwakumbuka. Kasereka, wapi! Vijana wanaopiga nyimbo zake siku hizi wanaruka kutoka wa pili hadi wa nne, naye akisikia hivyo anatoka nje. Sasa vidole vimeanza kuvimba, na mzee anaogopa. Anaogopa kweli kweli.

Jumapili moja, wakitoka misani, alimwambia Bénédicte, jirani mgeni kutoka Beni: "Kasereka wangu alipoteaka ku volkano. Nikikufa bila kumupata, njo basi."

Bénédicte akashika kichwa, akaenda kuwaita majirani waje kulia. Kufika saa nane, uwanja wa Wenceslas umejaa viti vya plastiki na wamama wanaimba nyimbo za kilio.

"Pole, muzee," Bénédicte alisema. "Kupoteza mutoto kunauma."

"Mutoto gani? Ni wimbo!"

Bénédicte akawaka: "Yesu wangu! Unatulilisha juu ya wimbo? Nimeacha sufuria ya sombe ku moto!"

Watu wakaanza kuinuka, isipokuwa Mama Mukamugema, aliyekuwa akiuza mikate mlangoni pa orkesta miaka ile yote. "Ule Kasereka? Namujua. Nililalisha naye batoto yangu yote." Akaimba.

Aliimba vibaya, jamani! Aliukimbiza wimbo, akapanda pa kushuka.

"Si vile, mama!" Wenceslas aliruka akakamata kontrabasi. "Pale unashuka! Unashuka, unangojea, njo unarudia!"

Kidole kilichovimba kikaenda chenyewe kwenye uzi mnene. Kikashuka. Kikangoja. Kikarudi, na vingine vikakifuata bila kuulizwa, mpaka mwisho.

Kanyere alitoka jikoni, mikono imejaa unga, akasimama mlangoni. "Ni yeye," alisema.

Mzee alikuwa analia mbele za watu bila haya. Bénédicte akavuta kiti chake mbele, sombe kaisahau.

"Rudilia, muzee. Tulikuja kumulilia, acha basi tumusikie muzuri."