Mawe Badala ya Shokabsoba

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo: nikimwambia baba mdogo kwamba gari lake halifai kumbeba dada yangu, nitakuwa nasema hivyo kwa sababu ni kweli, au kwa sababu mimi nimesoma na yeye hakusoma? Nililigeuza kila upande hadi sikujiamini tena.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimerudi Ruiru na digrii ambayo baba mdogo hakuisamehe. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kupeleka kabichi Thika, akanifanya dereva bila kuniuliza. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Daktari wa Thika alitaka aletwe Jumamosi, akae hospitalini hadi ajifungue.

Jumatano niliingia chini ya gari. Shokabsoba zote mbili za nyuma, zile zinazotuliza gari likipita kwenye mashimo, zilikuwa zimelowa mafuta yaliyoshikana na vumbi kama uji mzito. Nikaukandamiza mkia wa gari kwa mikono, nikauachia. Ulipanda na kushuka mara tano kabla ya kutulia. Nikarudia, nikahesabu sita, nikaanza kujiuliza kama safari hii nilitumia nguvu zaidi.

Baba mdogo alisema kinachovuja bado kina mafuta. Kikikauka ndipo nimwite. Kisha akafanya walivyofanya wenye pikapu wote wa pale. Alipakia magunia mawili ya mawe nyuma, ili gari likae chini.

Likienda polepole, kweli halikuruka. Lakini Alhamisi, nikiteremka kuelekea daraja karibu na Thika, mkia ulianza kurukaruka kwenye matuta madogo ya barabara ya murram, ukateleza kando, na uzito wa mawe ukauvuta zaidi. Gari lilisimama likiutazama mto.

Jioni niliwaeleza wote wawili. Baba mdogo alisema huko chuoni nilifundishwa kuogopa kwa Kiingereza. Dada hakucheka.

“Ungempakia mke wako humo?” akaniuliza.

“Mke gani?” baba mdogo akadakia. “Huyu hata mke atamkandamiza kwanza, ahesabu anaruka mara ngapi.”

“Nimemuuliza yeye.”

Nikasema hapana. Baba mdogo akatema mate karibu na viatu vyangu, akasema Jumamosi ataendesha mwenyewe, na mawe yake yakiwa ndani. Nilijua angefanya hivyo. Nilijua pia kwamba dada, kwa heshima, angepanda.

Ijumaa asubuhi niliyashusha yale magunia, nikayaacha langoni. Baba mdogo alitoka na mswaki mdomoni. Kabichi zilikuwa zimerundikwa ukutani, zikingoja kupakiwa.

“Gari likitoka bila kabichi zangu, usirudi hapa.”

“Linaenda kwa fundi, Baba.”

“Basi ukazaliwe upya huko kwa fundi.”

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi, yote ya adabu. Niliwasha gari, nikaliendesha tupu hadi Thika, taratibu hivi kwamba baiskeli zilinipita, nikamwambia fundi afungue shokabsoba zote mbili na afunge nyingine kabla ya kesho.