Wimbo wa Ndani ya Tangi

Kwa mama mkwe maji hayamwagwi hivi hivi. Nililijua hilo wiki niliyoolewa, nilipomwaga beseni la maji ya kunawia uso nje ya mlango wa jiko, naye akaniuliza kwa upole kabisa, sasa miguu utanawia nini. Maji ya uso yalikuwa ya miguu, ya miguu yalikuwa ya kudeki choo, na yaliyobaki yakaenda migombani. Maganda ya ndizi ni ya mbuzi, samadi ni ya bayogesi, tope linalotoka kwenye bayogesi ni la kahawa. Viroba vya unga anavifua na kuvianika kambani pamoja na nguo, na ole wake mgeni atakayemenya viazi maganda manene.

Anaishi juu ya Tengeru, pale lami inapokwisha na barabara inapoanza kupanda Mlima Meru kati ya kahawa na migomba. Mimi na mume wangu tunakaa Themi, mjini, na Jumamosi nyingi tunapanda kwake. Huku mjini nilishajiona mwanamazingira mkubwa, mtu wa mswaki wa mianzi na kikapu cha ukindu sokoni. Kule kwake nilikuwa mwanafunzi tu, tena wa kurudia darasa. Nilimpenda, na alinichosha. Yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja.

Kitu kilichotuunganisha ni uimbaji. Mimi ni Mchaga mwenye mdomo mwepesi tangu utotoni, na kanisani naimba sauti ya pili. Yeye huimba akiosha vyombo, akikamua, akichambua mchicha, na nikiwa karibu hunisubiri niingie. Hakuwahi kunisifia kwa maneno. Alichofanya ni kupunguza sauti yake kidogo ili yangu isikike, na kwangu hiyo ilikuwa sifa kuliko makofi ya usharika mzima.

Kila mwaka kabla ya masika tangi lake la maji ya mvua husafishwa, na kazi hiyo ni yangu kwa sababu ya umbo langu dogo. Napita kwenye mdomo wa tangi, nashuka na brashi na kindoo, nasugua ukoko wa chini. Mtu ambaye hajawahi kuimba ndani ya tangi tupu hajaijua sauti yake. Unatoa noti moja, inakurudia imenenepa, kisha inakuja nyingine nyuma yake, mpaka unakuwa kwaya nzima peke yako. Hapo akili zangu hupotea. Mwaka jana zilipotea vibaya.

Asubuhi ile alikuwa amenisema kwa sababu ya nusu kikombe cha chai niliyoimwaga kwenye karai badala ya kwenye maua. Nikaingia tangini nikiwa nimenuna, na nikaanza kumtungia wimbo. Kiitikio kilikuja chenyewe: bibi wa tone, bibi wa tone, tone likidondoka analiita lirudi. Ubeti wa kwanza ulisema maji ya uso yaoshe miguu, ya miguu yaende mgombani, na mgomba nao ujibane usikojoe. Nikacheka mwenyewe humo ndani. Nikaongeza sauti, nikajaribu sauti ya tatu, ikakaa vizuri ajabu. Ubeti wa mwisho ndio ulionipendeza zaidi: siku akifa tumzike kwenye mboji, asije akapotea bure.

Niliurudia ule wa mwisho mara kadhaa, nikiutengeneza.

Nilichosahau ni kwamba siku hiyo jumuiya ilikuwa kwake. Akina mama wa ibada ya nyumbani walikuwa wamewahi, na mabenchi yalikuwa yamepangwa kwenye kivuli, na kivuli kilikuwa cha tangi. Nilipomaliza nikasikia kicheko, cha watu wengi, cha kushika mbavu. Nikapanda, nikatoa kichwa. Walikuwa wanajifuta machozi kwa ncha za kanga. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati yao na birika la maji ya kunawisha wageni, hajalitua.

“Shuka taratibu, mwanangu,” alisema. “Ngazi imelowa.”

Kisha akaendelea kuwanawisha. Sina neno la aibu ile. Niliona haya mpaka masikio yakaziba, na ibada yote nilikaa nikitazama matope kwenye kucha zangu. Wakati wa chai alinipa kikombe changu kama kawaida. Hakuniambia kitu, na sisi watu wenye mdomo hatujui la kufanya na mtu asiyesema.

Ningekuwa mtunzi mbovu mambo yangeishia hapo. Nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana, nimejaribu kutunga nyimbo nyingi za sifa na za arusi, na hakuna hata moja iliyowahi kuvuka geti la kanisa. Huu ulivuka peke yake. Baada ya wiki chache nilikuwa nanunua ndizi sokoni Tengeru, nikamsikia muuzaji akiimba kiitikio changu chini chini huku akifunga mzigo. Akina dada wa saluni walikuwa nao. Watoto walikuwa nao, na wameuongezea ubeti wa mbuzi. Mama mkwe akipita njiani, mtu nyuma ya ua anaanza, wenzake wanaitikia, wala si kwa ubaya. Walimpenda. Walimwita Bibi Tone mbele yake, na yeye akawa anaitika.

Halafu mume wangu akaniletea habari za kikao cha mfereji. Huko juu maji ya mto yanagawanywa kwa zamu kupitia mifereji, na wakati wa kiangazi wenye mashamba ya chini hukauka kama hakuna wa kuwasemea. Kwa miaka mingi msemaji wao alikuwa mama yake. Kwenye kikao hicho alisimama kama kawaida, akaanza kueleza jinsi wa juu wanavyoacha maji yakimwagika barabarani bure. Aliposema neno “bure”, mtu mmoja akaanza kuimba chini chini ubeti wa mboji. Watu wakacheka. Mama mkwe akangoja kicheko kiishe, akaanza tena, kikaanza tena. Akakaa chini. Zamu zikapangwa bila yeye, na mashamba ya chini yakapewa zamu ya usiku.

“Mama hajawahi kukaa chini,” mume wangu alisema. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kutonitazama.

Kwetu Uchagani mtu akikosea kweli hubeba jani la isale. Anayeletewa isale hakatai msamaha, na Wameru, watu wa mume wangu, nao wanalijua hilo. Nilikata jani kwenye ua wa jirani yetu mmoja kutoka Machame, nikalifunga fundo, nikapanda nalo peke yangu. Nilimkuta anachambua kahawa. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo mama, nikaliweka miguuni pake.

“Marahaba,” alisema. Akaliokota. “Nimelipokea. Ila maji yakimwagika hayazoleki, hilo unalijua.”

“Nitatunga mwingine, mama. Wa kukusifu. Watausahau ule.”

“Tunga,” alisema, akanisogezea ungo nimsaidie kuchambua. Tulichambua bila kuimba.

Nilitunga kwa bidii kubwa. Nilimwita mlinzi wa chemchemi na mama wa kijani kibichi, nikaweka mlima, mvua, vizazi vijavyo, kila kitu. Nikaufundisha kwa akina mama wa jumuiya, wakauimba kwa adabu, wakausahau kabla hawajafika nyumbani. Hawakuwa na kosa. Hata mimi nilipokuwa naosha vyombo ulionijia mdomoni haukuwa ule wa sifa. Nilikuwa naukata katikati na kufungulia redio.

Tukafika sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada sadaka za mazao hutolewa nje na kunadiwa, na mama mkwe alikuwa ameleta mkungu ambao wanaume wawili waliubeba. Nilisimama naye pembeni ya uwanja. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akauinua kwa shida, akasema kwa utani kwamba mkungu huu umekunywa maji ya miguu. Ikatosha. Mtu mmoja akaanza, na uwanja mzima ukapokea.

Sikuwahi kuusikia ukiimbwa na watu wengi namna ile. Wanakwaya walikuwa bado na kanzu zao. Wanaume wa besi walikuwa wameweka kitu chini ya kiitikio ambacho mimi sikukiwaza, mapigo mazito ya kudondoka, tone, tone, na soprano wakaruka juu yake kwenye lile neno “lirudi” wakalivuta. Mgongo ulinisisimka. Maisha yangu yote nilitaka kutunga kitu watu wakiimbe hivyo, bila karatasi, bila mwalimu, wakitabasamu. Wakaingia ubeti wa mboji, nao wakaupunguzia sauti, wakauimba taratibu kama wimbo wa maziko, jambo ambalo lilikuwa la kuchekesha zaidi na zuri zaidi.

Nikahisi natazamwa. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini, kwenye kiatu changu. Mguu wangu ulikuwa unapiga mapigo. Sijui ulikuwa umeanza lini. Niliusimamisha, na kule kuusimamisha kukawa kubaya zaidi, maana aliona nausimamisha.

“Unaupenda,” alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza vile anavyouliza iwapo chumvi imekolea.

Ningeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa heshima zaidi. “Naupenda, mama,” nilisema.

Akatikisa kichwa kukubali. Uwanjani walikuwa wanarudia kiitikio, na mkungu wake ulikuwa unapandishwa bei.

“Basi lile isale uliniletea la nini?”

Nilisimama pale na uso unawaka, nikingoja waishe, na hawakuisha upesi, kwa sababu nilikuwa nimeutunga vizuri.